Ndugu wa Mzabibu

Kula zabibu moja nyekundu ya Makutupora, teme mbegu kiganjani, ifute, kisha igeuze polepole kwenye mwanga. Upande mmoja, tuuite tumbo, utaona vifereji viwili vimelala sambamba na katikati yake ukingo mwembamba ulioinuka. Upande wa mgongo kuna kibonyeo chenye umbo la yai. Alama hizi zikikutana kwenye mbegu moja, mmea ulioizaa ni wa familia ya mzabibu, hata kama jani, shina na tunda lake vilioza mamilioni ya miaka iliyopita na mbegu yenyewe imekuwa jiwe. Wataalamu wa visukuku huzitegemea sana alama hizo, kwa sababu mbegu za familia hii ni ngumu na hudumu, ilhali maua yake ni madogo mno na ni nadra kuacha mabaki.

Dodoma mzabibu unahesabiwa kuwa mgeni aliyepata uraia. Historia yake hapa ni fupi: wamisionari Wakatoliki wa Bihawana waliohitaji divai ya misa, baadaye kituo cha utafiti cha Makutupora, kisha mashamba ya wakulima wa Mpunguzi, Hombolo, Mvumi, Veyula na Chinangali. Katika nchi za baridi kali mzabibu hulala miezi kadhaa na kuzaa mara moja kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo anayeuamsha ni mkulima mwenye mkasi. Akipogoa, macho huchipua. Akipogoa mara mbili, huvuna mara mbili. Ni jambo ambalo mkulima wa Ufaransa angelitamani, ingawa yeye hajui adha ya mchwa wa Dodoma.

Kwamba mmea huu ni mgeni, hilo halina ubishi. Lakini familia yake si ngeni hata kidogo, na kwa maoni yangu hapo ndipo habari yenyewe ilipo.

Toka nje ya shamba mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimeshika. Eneo hili hupata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mimea ya nyika hufanya haraka kama inayojua kwamba muda wake umehesabiwa. Kwenye ua wa minyaa au kichaka cha miiba, tafuta shina la kijani lenye kona nne, nene, lenye maji, lililogawanyika pingili pingili kila baada ya sentimita chache. Majani yake ni machache na huanguka upesi, hivyo wengi hudhani ni aina ya mnyaa au kakati. Sivyo. Kwenye kifundo, mkabala na jani, hutoka kikono, ule uzi wa kijani unaojizungusha kwenye chochote unachokigusa. Mkulima wa zabibu anakifahamu, maana ndicho kikono kilekile kinachong'ang'ania waya shambani kwake. Mmea huu wataalamu huuita Cissus quadrangularis, na ni ndugu wa mzabibu.

Ukitaka kumtambua mwanafamilia yeyote anayetambaa, anza na hicho kikono: kinatoka upande wa shina unaotazamana na jani. Tango, boga na mung'unye nao wana vikono, lakini vyao hutoka ubavuni mwa jani, upande uleule. Ukishaizoea tofauti hii utaanza kuwaona ndugu wa mzabibu kila mahali. Utawaona Cyphostemma, wenye majani yaliyogawanyika kama vidole na viazi chini ya ardhi. Wakati wa kiangazi hufa juu na kubaki hai chini, kisha huchipuka siku chache baada ya mvua ya kwanza. Vitumba vya maua yao vimebanwa kiunoni, na ua lina petali nne badala ya tano za mzabibu. Ukienda magharibi, Manyoni kuelekea Tabora, kichaka kikiwa kimeachia nafasi miombo, utakutana na Ampelocissus, ambaye vishada vyake vinafanana na vya zabibu kiasi cha kumdanganya mtoto. Kwenye miamba na mabonde yenye kivuli kuna Rhoicissus. Matunda ya hawa wote si ya kuchezea: mengi, hasa ya Cissus na Cyphostemma, yana vijisindano vya chumvi ya kalisi vinavyowasha kinywa na koo. Ndege hula bila wasiwasi na kusambaza mbegu.

Familia nzima ina spishi zipatazo 950 katika jenasi 16 hivi. Jenasi ya mzabibu wenyewe, Vitis, ina spishi sabini au zaidi kidogo, zilizoenea Amerika Kaskazini, Asia ya Mashariki na ukanda wa Mediterania hadi Asia ya Kati. Kusini mwa Sahara hakuna hata moja ya asili. Cyphostemma peke yake ina spishi karibu 200, na karibu zote ni za Afrika na Madagaska. Bernard Verdcourt, mtaalamu aliyefanya kazi Nairobi kabla ya kuhamia Kew, Uingereza, alipochapisha mwaka 1993 juzuu ya familia hii katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya kurasa zake ilikuwa ya Cyphostemma na Cissus. Shamba la Makutupora lingehitaji mistari michache tu.

Mwaka 2018 timu ya Jun Wen wa Taasisi ya Smithsonian, Marekani, ambaye ameifuatilia familia hii kwa miaka mingi, iliipanga upya kwa ushahidi wa DNA. Ilipata matawi makuu matano. Moja, la akina Parthenocissus, ni la Asia na Amerika Kaskazini tu. Manne yaliyobaki yote yana wazawa Tanzania: Rhoicissus kwa tawi la kwanza, Cissus kwa la pili, Cyphostemma kwa la tatu, na Ampelocissus kwa tawi la nne, ambalo ndilo lenye Vitis. Kwa hiyo anayetaka kuiona familia ya zabibu kwa upana wake atafaidi zaidi nyanda za kati na pembezoni mwake kuliko Bordeaux. Ndani ya uzio wa shamba kuna spishi moja. Nje yake kuna koo nne zilizoachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita.

Ziliachana lini na wapi? Hapa ndipo zile mbegu zinapotoa ushahidi. Mbegu za kale zaidi zinazokubalika kuwa za familia hii zilipatikana India, kwenye mawe yaliyonaswa katikati ya matabaka ya lava ya Deccan. Umri wake ni miaka milioni 66 hivi, karibu na wakati dinosaria walipotoweka, na ziliitwa Indovitis. Mwaka 2024 Fabiany Herrera na wenzake walitangaza mbegu za zamani kutoka Kolombia, Panama na Peru, iliyo kongwe kati yake ikiwa na umri wa miaka milioni 60. Herrera anaona kutoweka kwa dinosaria kulichangia: wanyama wakubwa waliokuwa wakivunja na kukanyaga miti walipoondoka, misitu ilisongamana, na mimea inayotambaa ikapata ngazi za kupandia. Ni dhana tu, lakini inalingana na mwili wa mmea ambao urithi wake mkuu ni kikono.

Afrika Mashariki nayo ina mbegu zake. Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, kinajulikana kwa fuvu la Proconsul alilolipata Mary Leakey mwaka 1948. Udongo uleule wa Miosini, wenye umri wa miaka milioni 18 na zaidi, umejaa matunda na mbegu zilizogeuka mawe, ambazo Kathleen Chesters alianza kuzieleza katika miaka ya 1950. Baadaye Neil Adams, Margaret Collinson na wenzao walizipitishia eksirei kali zinazoonyesha ndani ya jiwe bila kulivunja, na mwaka 2016 wakathibitisha kwamba baadhi ni za Cissus, mabaki makubwa ya kwanza ya jenasi hiyo kutambuliwa Afrika. Zilikuwa za matawi yaliyochipuka mapema katika jenasi. Hilo linaoana na DNA ya spishi zilizo hai, ambayo inaelekeza asili ya Cissus kuwa Afrika, na kutoka hapa ikatawanyika hadi Amerika Kusini, Asia na Australia. Ule mmea wenye kona nne kwenye ua wa minyaa upo kwao kwa maana kamili.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu aliyeipanga familia hii ya Afrika ndiye yuleyule aliyesaidia kuokoa divai ya Ulaya. Jules Émile Planchon alikuwa mwalimu wa botania Montpellier. Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu ya kuonekana. Julai 1868 Planchon na wenzake wawili waliichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa bado hai, badala ya ile iliyokwisha kufa kama wengine walivyofanya, wakakuta wadudu wadogo wa manjano wakifyonza. Mdudu huyo, filoksera, alikuwa ametoka Amerika Kaskazini, ambako mizabibu mwitu ilikuwa imeishi naye kwa muda mrefu na mizizi yake kujifunza kumstahimili. Mwaka 1873 Planchon alivuka bahari kwenda kuiona mizabibu hiyo. Dawa iliyofanya kazi mwishowe ilikuwa ya undugu: kubebesha tawi la mzabibu wa Ulaya juu ya shina la spishi za Amerika, hasa Vitis riparia, Vitis rupestris na Vitis berlandieri. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya imesimama juu ya miguu ya ndugu zake.

Mwaka 1887, mmoja kabla ya kufa kwake, Planchon alitoa kitabu kilichoieleza familia nzima ya dunia. Majina Ampelocissus, Rhoicissus na Parthenocissus ni yake. Kundi la Cyphostemma pia alilitenga yeye, ingawa aliliacha ndani ya Cissus; liligeuzwa jenasi kamili mwaka 1931. Nadhani kule kuhangaika na mizizi ya Ufaransa kulimfundisha kitu ambacho wataalamu wa zabibu peke yake hawakukiona, kwamba usipowajua ndugu wa mmea unaoulima hutajua wa kumwita siku ya msiba.

Karne moja na ushei baadaye, DNA ilianza kusomwa. Agosti na Septemba 2007 ni miezi ya kukumbukwa: ushirika wa watafiti wa Ufaransa na Italia ulichapisha jenomu ya mzabibu, yaani mfuatano wote wa DNA yake. Ilikuwa ya nne kwa mimea ya maua, baada ya Arabidopsis, mpunga na mpopla, na ya kwanza kwa mmea wa matunda. Waliyoisoma ilikuwa ya mzabibu wa uzao wa Pinot Noir, uliochavushwa wenyewe kwa vizazi kadhaa mpaka nakala zake mbili za kila kromosomu zikakaribia kufanana, maana mzabibu wa kawaida ulikuwa mgumu mno kusomeka. Walipata herufi milioni 487 na jeni zipatazo 30,000 ndani ya kromosomu 19. Jeni zinazotengeneza harufu na zile za kutengeneza resveratroli zilikuwa zimerudiwa mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, jambo lililowafurahisha waandishi wa magazeti ya divai.

Mimi naona ugunduzi mkubwa ulikuwa mwingine. Sehemu nyingi za jenomu zilijitokeza mara tatu. Sehemu moja ya kromosomu hii ilikuwa na jeni zilezile, kwa mpangilio uleule, na sehemu mbili nyingine kwingineko. Maana yake ni kwamba zamani sana, zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, babu wa mzabibu alibeba jenomu tatu kwa mpigo. Fikiria boma ambamo kaya tatu zimehamia pamoja, kila moja na vyungu vyake: kwa muda vyungu vingi vinakuwa vya ziada na kutupwa, lakini kimoja kati ya vile vitatu vya aina moja hupata kazi mpya, kingine hukarabatiwa kwa matumizi tofauti, na boma likawa na vyombo ambavyo kaya moja isingekuwa navyo.

Si mzabibu tu uliorithi tukio hilo. Simama katikati ya shamba la Mgogo lililochanganywa mazao na uligawe kwa jicho la jenomu. Mtama, uwele na mahindi ni nyasi, wana historia yao ya kujirudufu, na katika hilo la utatu hawamo. Karanga, njugu mawe, kunde na choroko wamo. Alizeti imo. Mlenda umo, na mbuyu uliosimama mpakani mwa shamba umo pia, pamoja na mkwaju. Wote hao ni wazao wa babu yuleyule mwenye jenomu tatu. Lakini wengi wao, baada ya hapo, walijirudufu tena, wengine mara mbili, na alama za tukio la kwanza zikavurugika. Karanga, kwa mfano, ni muungano wa spishi mbili ambao haujapita muda mrefu. Mzabibu haukujirudufu tena. Kromosomu za babu yule inakadiriwa zilikuwa 21, na mzabibu unazo 19, tena zikiwa zimehifadhi mpangilio wa kale kuliko karibu jamaa zake wote. Ndiyo sababu watafiti wa kakao, kahawa au pamba wakitaka kujua jeni fulani imetoka wapi huilinganisha kwanza na ya mzabibu.

Nje ya jenasi ya Vitis hesabu ya kromosomu hubadilika sana. Mzabibu una jozi 19, yaani 38. Muscadinia, ndugu yake wa karibu wa kusini mashariki mwa Marekani, ana 40. Cissus wengi wana 24, na yule wa kona nne huonekana hata na 48. Kromosomu ziliungana, zikavunjika, zikapangwa upya. Familia moja, kikono kimoja, mbegu za namna moja, lakini ndani ya seli vitabu vimejaladiwa upya mara nyingi.

Kuhusu kikono chenyewe jeni zimesema jambo ambalo wakulima walikuwa wamelikisia. Mara nyingine kikono huzaa zabibu mbili tatu kwenye ncha. Mkulima anayeona hivyo hana haja ya kushangaa: kikono na kishada ni kiungo kimoja kilichoelekezwa njia mbili. Mwaka 2002 Paul Boss na Mark Thomas wa Australia walionyesha hivyo kwa aina iitwayo Pinot Meunier. Badiliko la herufi moja katika jeni inayohusika na homoni ya jibereli liliwapa mzabibu mfupi, ambao pale palipotakiwa kuwa na kikono ulitoa kishada. Katika jamaa za nyika kiungo hicho kimegawanywa tofauti. Ampelocissus, kwa mfano, hubeba kikono kwenye bua lilelile la kishada.

Sasa turudi ndani ya uzio. Mzabibu wa kulimwa umetokana na Vitis vinifera mwitu, na mmea huo mwitu huwa ama dume ama jike. Wanadamu wa kale walichagua ile michache yenye ua kamili, inayojichavusha, na alama ya uchaguzi huo bado inasomeka kwenye kromosomu ya 2. Mwaka 2023 utafiti mkubwa uliolinganisha sampuli 3,525 za mizabibu ya kulimwa na mwitu ulieleza kwamba kufugwa huko kulifanyika sehemu mbili kwa wakati mmoja, miaka 11,000 hivi iliyopita: Asia ya Magharibi na Kaukazi. Kabla ya hapo wengi waliamini ni mahali pamoja na baadaye sana. Mizabibu ya Asia ya Magharibi ndiyo iliyosafiri na wakulima hadi Ulaya, ikipokea njiani chavua za mizabibu mwitu ya huko.

Rangi nyeupe ilitokea kwa ajali. Babu wa zabibu nyeupe alikuwa na jeni mbili jirani za kuwasha rangi. Moja iliingiliwa na kipande cha DNA kinachohamahama ndani ya jenomu, kikajichomeka mlangoni pake na kuizima. Nyingine iliharibiwa na badiliko la herufi. Karibu zabibu zote nyeupe za dunia, Chenin Blanc inayolimwa Dodoma ikiwemo, zimerithi uharibifu uleule.

Na undugu wa aina hizi ni wa kukanganya. Utafiti wa mwaka 2011 ulioongozwa na Sean Myles uligundua kwamba robo tatu ya aina zilizopimwa ni mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na angalau aina nyingine moja. Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Syrah, nayo ipo Dodoma, ni mtoto wa Dureza na Mondeuse Blanche, aina mbili ambazo nje ya kusini mashariki mwa Ufaransa hazisikiki. Chenin Blanc ni ya uzao wa Savagnin. Mbegu ya zabibu yenye umri wa miaka 900 iliyochimbwa Orléans ilipopimwa DNA ilikutwa ni Savagnin ileile inayopandwa leo, bila kizazi kati yao. Miaka 900 ya kukata tawi na kulichomeka ardhini.

Kukata tawi ndiyo siri ya wakulima wote wa zabibu, na udhaifu wao. Mkulima wa Mpunguzi anayetaka kuongeza mizabibu hukata fimbo zenye macho wakati wa kupogoa, akazichomeka kitaluni. Kila mche utakaoota ni mmea uleule wa mama, karibu herufi kwa herufi. Hekta nzima ya aina ya Makutupora, kwa lugha ya jenomu, ni mmea mmoja uliogawanywa mara maelfu. Ugonjwa uliojua njia ya kuingia mche wa kwanza unaijua ya mche wa mwisho. Ubwiri unga hauhitaji kujifunza upya kila mstari.

Hata hivyo kuna jambo linalosahaulika kirahisi. Umaskini huo ni wa shamba. Mzabibu mmoja ndani yake ni tajiri. Kwa sababu aina hizi zilizaliwa kwa kuchanganyika na hazijapita tena kwenye mbegu, nakala mbili za kromosomu zake hazifanani. Kwa Pinot Noir ya kawaida tofauti hiyo ilipimwa mwaka 2007 kuwa zaidi ya asilimia 10 ya DNA. Kwa Chardonnay, watafiti walikuta mwaka 2019 kwamba takriban jeni moja kati ya saba ina nakala moja tu, mwenzake hayupo kabisa. Utajiri huo umefungiwa. Ukipanda mbegu badala ya fimbo, unamwagika: miche kumi itakuwa mizabibu kumi tofauti, mingi yenye zabibu mbaya, mingine dhaifu kwa sababu jeni mbovu zilizokuwa zimejificha zimekutana. Hakuna hata mmoja atakayekuwa Makutupora. Ndiyo sababu anayetengeneza aina mpya hupanda mbegu mamia na kutupa karibu zote.

Kuhusu ubwiri unga, msaada umetoka kwa Muscadinia, yule wa kromosomu 40, ambaye ugonjwa huo haumsumbui. Kumchanganya na mzabibu wa kulimwa ni shughuli: mtoto hupata kromosomu 39, idadi isiyogawanyika sawa, na wengi huwa tasa. Alain Bouquet wa Montpellier, mji uleule wa Planchon, aliwavumilia wachache waliozaa na kuwarudisha kwa mzabibu kizazi baada ya kizazi kuanzia miaka ya 1970, mpaka akabaki na mizabibu yenye zabibu nzuri na kipande kidogo cha Muscadinia, ambamo mna jeni ya ukinzani iitwayo Run1. Kazi hiyo ilimchukua maisha yake ya utafiti, na aina zilizotokana nayo zimeanza kupandwa mashambani.

Swali ambalo msomaji wa Dodoma atakuwa amekwisha kuliuliza ni kwa nini tusifanye hivyo na hawa wa hapa. Kama tofauti ya kromosomu mbili ilimtesa Bouquet kiasi hicho, tofauti ya 38 na 24, pamoja na makumi ya mamilioni ya miaka, haivukiki kwa chavua. Kubebesha nako hakusaidii. Shina la Cissus na tawi la Vitis haviungani vikaishi. Ndugu wa nyika hawawezi kuwa wazazi wa zabibu wala miguu yake. Wanachoweza kutoa ni maarifa. Cissus quadrangularis hufungua vinyweleo vyake usiku, hewa ikiwa na ubaridi, akakusanya kaboni na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana akavifunga na kuitumia akiwa amejifungia. Kwa njia hiyo hupoteza maji kidogo mno. Mananasi hufanya vivyo hivyo, na mkonge pia. Mzabibu hufungua mchana, kwenye jua la Oktoba la Dodoma, na hulipa kwa maji ya kisima.

Ili mfumo wa usiku ufanye kazi, seli lazima ziwe kubwa na zenye nafasi ya kuweka asidi na maji. John Cushman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, walipotaka kuunenepesha mmea kwa makusudi, waliweka jeni moja, VvCEB1, ndani ya Arabidopsis, gugu dogo la maabara. Seli zilikua, majani yakawa manene, mmea ukahifadhi maji zaidi na kustahimili ukame kuliko wenzake. Jeni hiyo hawakuitoa kwa Cissus wala kwa kakati yeyote. Waliitoa kwa mzabibu, ambao huitumia kuzivimbisha punje zake zikikaribia kuiva. Kwa hiyo ipo tayari Hombolo na Makutupora, ndani ya kila jani. Inachofanya kwa sasa ni kungojea tunda.